Jumamosi Aliyoahidi Mjomba

Mimi sili korosho. Nimezaliwa Mtwara, nimekulia Mtwara, na watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani nina mzio au naringa. Sina mzio, na kuringa sikujaliwa. Lakini mtu akizikaanga na maganda yake kwenye debe lililotobolewa, ule moshi mweusi ukapanda na yale mafuta makali yakawasha pua, wenzangu hutokwa na mate, mimi hupandwa na hasira. Juzi jirani yangu hapa mtaani Chuno alikaanga uani kwake. Nikafunga madirisha yote na joto lile lilivyo, nikakaa ndani nimenuna kama mtoto aliyenyimwa kitumbua. Nikaona afadhali niandike.

Korosho zetu zilikuwa kijiji cha Ziwani. Bibi, mzaa mama, alivuka Ruvuma akiwa msichana, yeye na dada zake, wakitokea upande wa Msumbiji. Walikaa Kitaya kwa muda, kisha wakasogea hadi Ziwani, na hapo bibi akafyeka pori kwa mikono yake mwenyewe. Babu alimkuta ameshalifyeka. Kwa desturi ya Kimakonde mume ndiye humfuata mke kwao, kwa hiyo babu alikuja na panga lake na mkeka wake, akaishi kwa mkewe, akapanda mikorosho. Ardhi ya bibi, miti ya babu. Walipokuwa hai hakuna aliyeona kwamba hayo ni mambo mawili. Walivuna pamoja, walikula mabibo, yale matunda ya mkorosho, pamoja, na yale mengine waliyoyatengeneza kwa mabibo waliyanywa pamoja na kuimba.

Wasomaji wangu mliotoka mikoa mingine mtanivumilia kidogo. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wa upande wa mama ni mjomba. Mjomba ndiye anayesema kwenye vikao, ndiye anayekubali au kukataa posa, ndiye anayeitwa watu wakigombana. Baba mzazi anakulisha na kukusomesha, lakini akija mjomba anampisha kiti kile kizuri. Baba yangu alikuwa mtu wa Kagera, karani bandarini, na jambo hili hakulizoea mpaka mwisho.

"Ninyi mtu akijikwaa tu, mjomba," alikuwa akimtania mama. "Kuku akikataa kutaga, mwiteni mjomba amhoji."

Mama alicheka, kwa sababu alikuwa na mjomba wa kujivunia wa kumpa binti yake. Kaka yake mkubwa, Padre Bonifasi, alikuwa paroko wa parokia moja hapa mjini. Kila Jumapili baada ya misa ya pili alikuja kula kwetu. Alinukia ubani na dawa ya viatu. Alikula kisamvu mpaka akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, kisha akaniita. Mimi naitwa Tekla, jina la bibi, kwa hiyo hakuniita Tekla hata siku moja. Aliniita mama. "Mama, njoo unikune mgongo, mtoto wako amechoka." Nilikuwa darasa la tatu, nina mtoto mwenye mvi na kanzu nyeupe, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Babu alitangulia kufa. Bibi naye alipofariki, tukamzika pembeni mwa shamba, penye kivuli. Arobaini ilipopita akaja Mzee Bakari. Huyu alikuwa mpwa wa babu, mtoto wa dada yake, na kwa desturi ileile yetu mpwa ndiye mrithi wa mjomba wake. Alikuja na kofia yake safi ya kushonwa, akala muhogo wetu, akapangusa midomo, akamwambia mama kwa upole kabisa:

"Dada Veronika, mimi sina ugomvi. Udongo wa mama yenu kaeni nao. Ila nkorosho kapanda njomba wangu. Mti ni wa aliyepanda."

Nilimtazama nikaona hakuna ubaya. Akili yangu ya kitoto iliniambia atakuja na shoka aing'oe mikorosho yake aondoke nayo, na sisi tutabaki na shamba safi la kuchezea. Sikujua kwamba mkorosho haung'oki, na kwamba mwenye miti akishaweka miti yake juu ya udongo wako, udongo huo unabaki kuwa wako kwa jina tu.

Mama alijua. Nyumba tuliyokaa mjini ilikuwa ya bandari, na siku baba angemaliza kazi tungetoka na vyombo vyetu kichwani. Mama aliposema nyumbani kwangu, alimaanisha Ziwani. "Nyumba yangu ipo," alikuwa akisema, "haijajengwa tu." Alishachagua hata mahali pa jiko. Mara moja alinichorea vyumba kwa kijiti mchangani, hiki chako, hiki cha wageni, hapa baba yako atakaa na redio yake, halafu kuku wakapita juu ya nyumba yote tukacheka.

Wazee wa kijiji wakaamua paitwe kikao. Mama hakuweza kwenda kujisemea. Si kwamba alikuwa mwoga, mama yangu alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, lakini mwanamke asimame mbele ya wazee na huku ana kaka mkubwa, angeonekana amemzika kaka yake angali hai. Baba naye alikuwa mkwe tu, tena mkwe wa kuja. Mwenye kusema alikuwa mmoja.

Ikatokea kwamba siku zilezile mjomba akasafiri ghafla kwenda Dar es Salaam. Alimwambia mama jino linamsumbua, anakwenda kung'olewa. Aliporudi nilimkimbilia getini nikamwomba anionyeshe pengo. Mjomba akacheka, akainama, akafungua kinywa. Nikahesabu meno yake upande wa chini, upande wa juu, sikuona pengo. Nikajua Dar kuna madaktari hodari, ukitoa jino bovu wanapachika zima papo hapo. Nilikwenda kuwatangazia wenzangu shuleni, na mmoja aliyebisha nikamzaba kofi.

Jumapili iliyofuata alikuja kula kama kawaida, ila alikula kidogo. Mama akasogeza kigoda karibu naye.

"Kaka, wazee wametaja siku. Jumamosi."

Mjomba aliacha kutafuna. "Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja. Asubuhi. Bakari kakubali, mwenyekiti kakubali. Wanakusubiri wewe tu."

Nakumbuka alivyonawa mikono. Alinawa muda mrefu, akisugua kidole kimoja kimoja, na mama akaendelea kummiminia maji kwa kopo mpaka maji yakaisha. Kisha akajifuta, akasema, "Nitakuwepo."

"Kweli kaka? Huna ndoa, huna kipaimara?"

"Veronika, nimesema nitakuwepo." Akanigeukia mimi, akaniwekea mkono kichwani. "Na mama huyu atakuja kunishikia mwamvuli."

Wiki hiyo sikulala vizuri. Niliazima mwamvuli kwa mke wa jirani, nikawa naushika juu ya kila kitu kilichosimama, juu ya mtungi, juu ya mbuzi, nikijizoeza.

Jumamosi tulifika Ziwani mapema, mama na mimi, nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya makopa ya muhogo. Mjomba angekuja na gari la parokia. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bakari upande mmoja na jamaa zake, upande wetu mkeka mtupu. Mama akausogezea mto. Nikasimama barabarani na mwamvuli wangu.

Hakuja asubuhi. Mama akawapikia wazee uji, akaukoroga kwa makusudi polepole. Kisha akachemsha chai. Kisha akaomba wazee wasali adhuhuri kwanza. Baada ya swala akamtafutia mwenyekiti hadithi ndefu ya mazishi ya bibi ambayo mwenyekiti mwenyewe alikuwepo. Kila gari likitimua vumbi mbali nilikimbia kusema anakuja, na kila mara mama alijifunga khanga upya na kusimama wima. Mzee Bakari hakulalamika. Alilala kidogo, akaamka, akauliza, "Bado?" akalala tena.

Alasiri ikaja pikipiki kutoka mjini. Aliyeiendesha alikuwa katekista wa kigango cha jirani, ameloa jasho, na kabla hajazima injini alikuwa anapiga kelele. Padre Bonifasi ameteuliwa kuwa askofu. Imetangazwa Roma mchana huu. Mjini kengele zinalia, watu wamejaa kanisani, Padre amevishwa maua.

Wanawake wakapiga vigelegele. Waislamu, Wakristo, wote. Mzee Bakari aliinuka kwenye mkeka, akaja akamshika mama mikono yote miwili. "Hongera dada yangu. Alhamdulillahi. Ntoto wa Ziwani kawa nkubwa wa dini." Mama akawa analia. Nami nilipoona vigelegele, na Bakari amempa mama mikono, na mama analia, nikajua tumeshinda kesi. Niliruka, nikazungusha mwamvuli, nikacheza na watoto wa kijiji mpaka ubavu mmoja wa mwamvuli wa watu ukavunjika.

Kumbe kesi ndiyo ilikuwa inaisha vile. Nilikuja kusimuliwa baadaye na mama mwenyewe, kwa vipande. Mwenyekiti alisema kwamba kaka yake mama sasa amepewa jimbo zima kule kanda ya ziwa, maelfu ya watu, mapadre, mashule, na haifai kumwita mtu kama huyo aje kugombea mikorosho. Akasema siku ya furaha isitiwe doa. Akamuuliza mama mbele ya watu wote kama ana neno. Mama angesema nini? Kila jicho pale lilikuwa linamwonea fahari. Akasema hana neno. Basi miti ikawa ya Bakari, na kwa kuwa huwezi kulima chini ya miti ya mtu, shamba likawa la Bakari, na sisi tukabakiziwa ruhusa ya kwenda kaburini.

Jioni kwenye pikapu nilimuuliza, "Mama, tumeshinda?"

"Mjomba wako ameshinda," akasema.

Nyumbani baba alitusubiri mlangoni. Alikuwa ameshayasikia yote mawili, ya uaskofu na ya shamba. Mji wa Mtwara haufichi kitu.

"Alijua," baba akasema.

"Hakujua."

"Veronika, askofu hachaguliwi kama kiranja. Wanapita kuulizana mwaka mzima, mapadre, masista, walei, kimyakimya. Yanapatikana majina matatu. Balozi wa Papa anayapeleka Roma. Papa akishachagua, mtu anaitwa Dar es Salaam anaambiwa." Kisha akasema polepole, "Jino."

Mama alikaa chini akavua viatu. Alipojibu sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kama alijua, basi aliapishwa asiseme. Ile ni siri ya Kanisa. Na hakuulizwa, aliamriwa. Baba Mtakatifu akishatamka jina lako utapindua wewe? Kaka yangu hakuwa na la kufanya." Baba akafungua mdomo. "Usimseme kaka yangu," mama akasema, na baba akaingia kufungua redio.

Maneno yale, hakuwa na la kufanya, niliyashika. Nilikua nayo. Kila nilipomkasirikia mjomba niliyachomoa nikayatumia kujipoza, kama mtu anavyoweka kitambaa baridi kwenye paji la uso.

Alipewa daraja la uaskofu hukohuko ugenini, sisi hatukuwa na nauli. Baadaye alikuja Mtwara kwa misa ya shukrani. Watu walitandika khanga chini ili apite. Amevaa kofia ndefu, ameshika fimbo, na kidoleni pete. Tulipanga mstari kumbusu pete. Mama yangu alipiga magoti mbele ya kaka yake, akabusu, akainuka. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka kumwambia, mjomba, tulikusubiri Ziwani, Bakari amechukua shamba. Nilifungua tu kinywa nikahisi vidole vya mama vimenibana mkono kwa nyuma, pale penye nyama laini. Nikabusu pete. Ilikuwa baridi na ina ladha ya chumvi ya midomo ya watu.

"Mama hajambo?" mjomba akaniuliza akitabasamu, na macho yake yalikwishahamia kwa mtu aliye nyuma yangu.

Kuhusu kikao hakuuliza. Wala siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Mimi nilijua cha kufanya. Shuleni tulifundishwa kwamba viongozi hukaa miaka mitano, kisha watu wanapiga kura. Mbunge miaka mitano, diwani miaka mitano. Nikajiwekea moyoni kwamba ile mitano ikiisha watu wa kule watampigia kura ya hapana, maana wao si ndugu zake na hawawezi kumpenda kama sisi, atarudi na sanduku lake, atakwenda Ziwani kumkabili Bakari. Nilisali rozari kuomba watu wa lile jimbo wamchoke mjomba wangu. Nilisali kwa bidii, na nadhani Mungu alicheka mpaka akashika mbavu.

Mitano ikapita, na uchaguzi mkuu ukapita na mabango yake. Nikamuuliza baba mbona hawajamtoa mjomba.

"Kumtoa? Askofu anakaa mpaka miaka sabini na mitano. Hapo ndipo anamwandikia Papa kuomba kupumzika, na Papa akitaka anamwambia endelea."

"Mjomba ana miaka mingapi?"

"Hamsini na kitu."

Nilianza kutoa kwa vidole, vya mikono vikaisha, nikavua kiatu. Baba alinitazama, akanivuta akanipakata, na mimi mkubwa wa kuvunja ungo. Nadhani siku ile ndiyo niliacha kumsubiri.

Baba alipomaliza kazi tulitoka kwenye nyumba ya bandari kama mama alivyotabiri. Tukapanga vyumba viwili Magomeni ya hapahapa Mtwara, choo cha watu wengi, na mama akapanda mchicha kwenye beseni bovu. Baba akatangulia mbele ya haki. Mama alipoanza kuugua nilimwambia nimpigie mjomba nimweleze yote, la shamba, la kodi, la dawa. Alikasirika kuliko nilivyotegemea. "Mtu ana jimbo zima mabegani, umpigie habari za mikorosho? Hakuwa na la kufanya, Tekla. Muache." Alikufa akisema hivyo. Mjomba alikuja kwa ndege, akaongoza misa, akahubiri kwamba dada yake hakuwahi kumlalamikia hata mara moja katika maisha yake, watu wakalia. Tukamzika mama makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Jioni ndege ikamrudisha mjomba.

Mwaka huu alifikisha umri. Aliandika barua yake kama wote wanavyoandika, Papa akaikubali, akawekwa mwingine, na mjomba akawa askofu mstaafu. Akanipigia simu kusema anakuja kukaa kwangu siku chache. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi, nilikwenda kununua samaki wabichi Shangani, nikasonga ugali wa muhogo, nikatwanga kisamvu. Alishuka kwenye teksi amevaa shati la mikono mifupi. Mgongo umeinama. Akaniita mama, na ikabidi nikimbilie jikoni nikajifanye naangalia chungu.

Alipokwisha kula akasema, "Kesho unipeleke Ziwani. Jimbo wamenipa nyumba nzuri, siwezi kulalamika. Lakini mtu mzima azeekee kwao. Nataka nijenge vyumba viwili pale kwa mama, karibu na kaburi."

Nilikuwa nakusanya vyombo. Nikaviweka chini.

"Pale kwa bibi pana wenyewe, mjomba."

"Wenyewe akina nani?"

"Watoto wa Mzee Bakari. Tangu siku ya kikao."

Alinitazama kama anayetafsiri lugha. Nikamweleza. Mkeka mtupu, uji, pikipiki, vigelegele, mama anaulizwa kama ana neno. Nilieleza bila kupaza sauti. Nilipofika kwenye vyumba vya Magomeni alikuwa amevua miwani.

"Veronika hakuniambia."

"Hukumuuliza."

"Nilidhani yalikwisha vizuri. Angenipigia hata simu."

"Mama alisema wewe hukuwa na la kufanya. Alisema Baba Mtakatifu alikutaja, na akishataja basi. Hakutaka uone kama anakulaumu kwa jambo uliloamriwa. Mpaka anakata roho alisema hivyo, mjomba, mimi nilikuwa nimemshika mkono."

Mjomba akainamisha uso. Jirani alikuwa na redio inayosoma matangazo ya vifo, ikamaliza, ikaanza muziki. Nilidhani anamlilia dada yake na nikataka kumsogezea maji.

"Waliniuliza," akasema.

"Nani?"

"Balozi. Kule Dar. Wanamuuliza kila mtu. Alinikaribisha kiti, akaniambia Baba Mtakatifu amekuteua, je, unakubali? Wapo wanaokataa, mama. Wanasema hapana, wanarudi parokiani kwao, na hakuna anayejua. Alinipa mpaka kesho yake asubuhi nikasali. Mimi sikusubiri kesho. Nilimjibu palepale, chai haijapoa."

Nilishika ukingo wa meza.

"Na siku ya kutangazwa," nikasema. "Uliijua?"

"Nilitajiwa."

"Kwa hiyo mama alipokwambia Jumamosi, ulijua."

"Nilijua."

"Siri ya Kanisa naielewa, mjomba. Lakini ungeweza kumwambia kikao kiwe Ijumaa. Ungeweza kumwambia wiki nyingine, una ndoa, una homa. Mama mwenyewe alikuuliza kama una ndoa. Kusogeza siku si kutoa siri."

"Ningeweza," akasema. "Niliogopa nikiisogeza ataniangalia usoni ajue. Alikuwa ananisoma tangu tukiwa watoto. Na nilikuwa nimefurahi, mama. Nilikuwa na furaha ambayo sikutaka mtu aiguse wiki ile."

Hapo ndipo nilipomchukia. Si kwa kuondoka, mtu ana haki ya kuondoka. Nilimchukia kwa sababu mama alimtengenezea udhuru kwa mikono yake mwenyewe, akaulinda miaka yote, akanifinya nisiuguse, akafa nao, na udhuru wenyewe haukuwa wa kweli. Kila aliyekuwa na haki ya kuuliza aliuliza. Roma iliuliza, ikampa usiku mzima wa kufikiri. Dada yake aliuliza mara mbili akiwa na kopo la maji mkononi.

"Nisamehe," akasema.

"Mimi hukuniahidi kitu," nikamjibu. "Uliyemwahidi tumemzika makaburi ya mjini."

Nilimtandikia kitanda changu, nikalala sebuleni. Asubuhi nikampeleka Ziwani, kwa sababu aliomba, na kwa sababu bibi ni mama yake. Barabara siku hizi ni nzuri. Mikorosho imekuwa mikubwa kiasi kwamba sikupatambua, palipokuwa na kibanda cha bibi pana nyumba ya tofali na bati jipya. Mjomba alishuka, akasimama pale njia inapoingilia. Hakuthubutu kupita. Akapiga hodi, sauti imemkauka, akapiga tena.

Akatoka mwanamke kijana, mikono imejaa unga wa muhogo, mjukuu wa Bakari bila shaka. Akapiga goti kidogo kwa adabu, kama wanavyofanya bado kule.

"Karibu babu. Mgeni wetu unatokea wapi?"

Mjomba akanigeukia nimjibie, kama ilivyo desturi, mkubwa huwa hajitambulishi mwenyewe. Nikatazama chini, nikamwacha ajibu.